Pedali ya breki inazama: tafuta kosa kabla hujanunua kipuri

"Kaka, nimetoa upepo mara tatu na pedali bado inagusa chini. Ninunue masta silinda?"

Swali hili halinipiti. Mwenye Land Rover 109 wa Igoma ameniuliza, mwenye Volkswagen Beetle wa Nyegezi ameniuliza, na juzi kijana aliyeachiwa Corolla na babu yake amenipigia simu akiwa amekwama kandokando ya barabara ya Isamilo. Jibu langu kwa wote ni moja: usitoe hela bado. Kwenye gari la zamani hakuna kifaa kinachosingiziwa kama masta silinda, yaani pampu inayosukuma maji ya breki ukikanyaga pedali. Mimi mwenyewe nilinunua mbili kabla sijajifunza, na kosa lilikuwa kwingine kabisa. Nitaeleza huko chini.

Naandika kwa sababu mji wetu, Mwanza, ni wa miinuko. Ukitoka Bugando kuteremka mjini, au ukishuka kwenye ngazi ya kivuko cha Kamanga na ziwa liko mbele ya boneti, breki ya kubahatisha haifai. Tena chini ya kila mteremko kuna watu: bodaboda, mama mwenye beseni la samaki, watoto wa shule.

Jambo la kwanza ni kutenganisha malalamiko mawili ambayo watu huyachanganya. Moja ni pedali kwenda mbali: unakanyaga, mguu unashuka, gari linashika karibu na sakafu. La pili ni gari kutoshika: pedali iko juu, ngumu kama jiwe, lakini gari linaendelea kwenda. Chanzo chake si kimoja. La kwanza mara nyingi ni nafasi, hewa au uvujaji. La pili mara nyingi ni lainingi (bitana ya msuguano kwenye viatu vya breki), mafuta kwenye dramu, pistoni zilizoganda au busta (kifaa kinachoongezea mguu nguvu). Ukijua lako ni lipi, umeshaokoa nusu ya siku.

Vitu vya kuandaa

- Jeki, stendi mbili imara, na vigingi vya mbao vya kuzuia magurudumu. Usitumie tofali, linapasuka bila taarifa.
- Spana ringi zinazokaa sawasawa kwenye nipeli (skrubu ya kutolea upepo, yaani hewa iliyo kwenye maji ya breki) na kwenye adjasta (boliti ya kusogeza viatu karibu na dramu). Spana ya mdomo wazi inaviringisha nipeli.
- Mpira mwembamba unaoona ndani. Mpira wa dripu kutoka duka la dawa unafaa sana.
- Chupa safi ya maji ya kunywa, ya plastiki.
- Maji ya breki DOT 4, lita moja, chupa ambayo haijafunguliwa.
- Vibanio vitatu vya mipira ya breki, vyenye midomo laini.
- Rula au tepu, tochi, chaki, daftari.
- Spiriti ya kusafishia, vitambaa, barakoa, glavu.
- Mtu mmoja wa kukanyaga pedali ambaye atasikiliza unachosema. Hili la mwisho ni gumu kupata kuliko vyote.

Onyo moja kabla hatujaanza: petroli, dizeli na oili ya injini zisiguse sehemu yoyote yenye raba za breki. Raba zile hunywa mafuta ya aina hiyo, zikavimba, na baada ya siku chache breki zinagoma kuachia. Nimeona masta silinda iliyooshwa kwa petroli ili "ing'ae". Raba zake zilitoka zimelegea kama ndizi iliyoiva. Tumia spiriti au maji ya breki yenyewe.

1. Angalia maji na uvujaji

Fungua kifuniko cha chombo cha maji ya breki. Kama yamepungua, usijaze na kuondoka. Yamekwenda wapi? Breki za diski hushusha kiwango kidogo kidogo kadiri pedi zinavyolika, hilo ni la kawaida. Kupungua kwa haraka ni uvujaji.

Pita na tochi: ndani ya kila gurudumu upande wa chini, kwenye viungo vya paipu, kwenye mipira, na ndani ya gari pale fimbo ya pedali inapoingia kwenye masta. Inua zulia. Pakiwa na unyevu unaoteleza na rangi imebanduka, raba ya nyuma ya masta inapitisha. Kama gari lina busta na maji yanapotea bila alama popote, inawezekana yanaingia ndani ya busta na kuchomwa na injini. Hapo utaona pia moshi mweupe kwenye ekzosi.

Paipu za chuma kwenye magari ya huku hazili kutu ya chumvi, maana ziwa letu ni maji baridi. Zinaliwa na tope linalokaa juu ya chesisi msimu hadi msimu. Kwangua tope pale paipu inapopita juu ya ekseli ya nyuma. Ukikuta vijishimo vya kutu, paipu hiyo ibadilishwe hata kama bado haivuji.

2. Kaa kwenye kiti usikilize mguu

Hapa usiharakishe. Hatua hii haina gharama, na ndiyo inayojibu maswali mengi kuliko zote.

Injini imezimwa. Kama kuna busta, kanyaga pedali mara tano au sita kwanza ili kumaliza nguvu iliyobaki humo. Subiri dakika moja. Pima kwa rula kutoka sakafuni hadi kwenye pedali ikiwa juu, andika. Sasa kanyaga mara moja kwa nguvu ya kawaida na mwenzako apime pale inapokaza. Andika. Achia, kisha kanyaga harakaharaka mara tatu na upime tena. Mwisho shikilia mguu hapo hapo kwa nusu dakika bila kulegeza.

Kwenye 109 yangu safari yote hadi kwenye bati ilikuwa sentimita 13, na ilikuwa inakaza ikiwa zimebaki 3 tu. Baada ya kukanyaga mara tatu zilibaki 8. Namba hizo tatu zilikuwa zimeshaniambia mengi, ila wakati huo sikujua kuzisoma.

Zisome hivi:

Mara ya kwanza inakwenda chini lakini inakaza vizuri, na mara ya pili inapanda juu na kuwa ngumu. Hiyo ni nafasi kubwa kati ya viatu vya breki (vile vinavyobana dramu kutoka ndani) na dramu. Kutoa upepo hakutakusaidia hata ukitumia lita tano. Wengi wanaoniuliza wako hapa.

Inabonyea kama sponji, ukikanyaga mara nyingi inapanda lakini bado inadunda chini ya mguu. Hiyo ni hewa, au mpira wa breki unaovimba.

Inakaza juu, halafu ukishikilia inazama polepole hadi chini. Kuna uvujaji nje, na kama nje ni pakavu, raba za ndani ya masta zinapitisha. Hapa ndipo masta silinda ina hatia kweli.

Iko juu, ngumu, na gari halishiki. Ruka hadi hatua ya 5 na ya 8.

Kuna moja zaidi kwa wenye diski mbele: pedali ni nzuri ukiwa umesimama, ila baada ya kupita barabara ya mashimo mkanyago wa kwanza unakwenda chini. Beringi ya gurudumu imelegea. Diski inayumba na kuzirudisha pedi nyuma, kwa hiyo mkanyago unaofuata unatumika kuzirudisha mahali pake. Kaza au badilisha beringi, usihangaike na maji.

Kwa gari ambalo breki ya mkono inavuta viatu vya nyuma, kama Beetle au Corolla za zamani, kuna jaribio la haraka: vuta breki ya mkono hadi mwisho, kisha kanyaga pedali. Ikipanda ghafla, nafasi iko kwenye magurudumu ya nyuma. Kwa Land Rover za Series, kama 109, jaribio hili halifanyi kazi, kwa sababu breki yake ya mkono haipo kwenye magurudumu. Iko nyuma ya gia boksi na inashika shafti.

3. Pima mchezo wa fimbo

Bonyeza pedali kwa kidole. Lazima kuwe na mchezo mdogo kabla fimbo haijagusa pistoni ya masta. Kwenye Beetle pengo hilo ni milimita 1 kwenye fimbo, na kwenye pedali unalisikia kama milimita 5 hadi 7. Magari mengine yanakaribiana na hapo. Mchezo ukiwa mkubwa mno, ni safari inayopotea bure: kaza fimbo. Angalia pia pini na bushi za pedali. Kwenye gari la miaka hamsini pini hulika hadi ikawa na kiuno.

Usiondoe mchezo wote ili pedali ipande. Pistoni isiporudi hadi mwisho, tundu la kurudishia maji linabaki limezibwa. Breki zikipata joto maji yanatanuka na hayana pa kwenda, na gari linajifunga lenyewe njiani.

4. Rekebisha viatu vya breki

Zuia magurudumu kwa vigingi kabla ya kupiga jeki. Wenye Land Rover za Series wasikilize kwa makini: kwa kuwa breki ya mkono inashika shafti, ukiinua gurudumu moja tu la nyuma difu inaruhusu gurudumu hilo lizunguke, na gari linaweza kuondoka juu ya jeki ukiwa umevuta breki ya mkono hadi mwisho. Vigingi mbele na nyuma, kila mara.

Inua gurudumu, liweke kwenye stendi, lizungushe kwa mkono. Geuza adjasta mpaka gurudumu lishike kabisa. Mwenzako akanyage pedali kwa nguvu mara mbili ili viatu vikae katikati ya dramu. Jaribu kukaza tena; mara nyingi utapata nafasi nyingine kidogo. Sasa legeza taratibu mpaka gurudumu lizunguke, hata kama unasikia mkwaruzo mwepesi sehemu moja. Inatosha.

Magurudumu ya mbele ya 109 yana wili silinda (silinda ndogo ya gurudumu inayosukuma kiatu) mbili na adjasta mbili kila upande, kila kiatu na yake. Watu hukaza moja wakadhani wamemaliza. Kwenye gari zima kuna wili silinda sita zinazosubiri maji kutoka masta moja, kwa hiyo nafasi ndogo kwenye kila kiatu ikijumlishwa inakula safari yote ya pedali.

Adjasta za Land Rover ni kamu yenye umbo la konokono. Zikiganda, wekea mafuta ya kulegeza kutu jioni ya kabla, kidogo tu na kwa nje, yasifike kwenye lainingi. Zikiwa zimechoka hufanya jambo la hila: zinakaza vizuri mbele ya macho yako, halafu baada ya kilomita kumi zinarudi nyuma zenyewe. Weka alama ya chaki kwenye boliti ya adjasta ukimaliza. Kesho alama ikiwa imehama, umempata mhalifu.

Baada ya kila gurudumu, rudi kwenye kiti na upime pedali. Uone kila gurudumu limechangia sentimita ngapi.

5. Fungua dramu utazame

Vaa barakoa. Lainingi za magari ya zamani nyingi zilitengenezwa kwa asbesto, na vumbi lake linaharibu mapafu taratibu kwa miaka. Usipulize kwa kompresa, na usipulize kwa mdomo. Nyunyizia maji, futa kwa kitambaa kilicholowa, kitambaa hicho kifunge kwenye mfuko na ukitupe. Naumia nikiona vijana wa gereji wanapuliza dramu huku wanaongea na kunywa chai palepale.

Ndani angalia unene wa lainingi juu ya riveti. Ikikaribia milimita moja na nusu, badilisha vyote vya ekseli hiyo. Pitisha kidole ukingoni mwa dramu: kukiwa na kidomo kirefu, dramu imelika na kupanuka. Baadhi ya dramu zimechongwa kipimo cha mwisho cha upana. Ikizidi hapo hakuna adjasta itakayokuokoa. Na ukiweka viatu vipya ndani ya dramu iliyopanuka, vinagusa katikati tu. Pedali inakuwa na sponji hata kama hakuna hewa hata kipovu, mpaka visuguane na kukaa.

Funua kifuniko cha raba cha wili silinda. Unyevu humo maana yake inavuja. Pakiwa pakavu lakini pistoni haisogei mwenzako akikanyaga taratibu, imeganda kwa kutu, na kiatu chake hakifanyi kazi.

Lainingi ikiwa na mafuta, inuse. Mafuta mazito yenye harufu kali ya difu yametoka kwenye oili sili ya ekseli. Maji mepesi yanayobandua rangi yametoka kwenye wili silinda. Rekebisha chanzo kwanza. Kisha tupa lainingi. Najua zinaoshwa kwa petroli na kuunguzwa kwa moto, halafu zinarudishwa. Mafuta yamezama ndani. Siku ya kwanza ya mteremko mrefu joto litayatoa tena, na gurudumu hilo litateleza wakati mengine yanashika.

6. Bana mipira, moja baada ya nyingine

Kama pedali bado iko chini, sasa tutafute ni upande gani wa gari unaokula safari. Magari mengi ya zamani yana mipira mitatu: miwili mbele, mmoja nyuma. Ibane yote mitatu kwa vibanio vyenye midomo laini. Gripu tupu yenye meno inakata nyuzi za ndani, na mpira mzee uliopasukapasuka usiubane kabisa, ubadilishe.

Kanyaga. Pedali ikiwa juu na ngumu, masta yako ni nzima. Rudisha hela mfukoni. Ikibaki chini au sponji, tatizo ni masta yenyewe, hewa iliyo ndani yake, au fimbo ya hatua ya 3.

Kama ilipanda, achia kibanio kimoja, kanyaga, pima, kibane tena. Achia cha pili, fanya vivyo hivyo. Ule ambao ukiuachia pedali inashuka kuliko mingine ndio wa kufuatilia.

Sasa ile hadithi yangu. Nilikuwa nimebadilisha masta mara mbili na kutoa upepo hadi msaidizi wangu akachoka kuja. Mzee mmoja fundi wa Mabatini akaniambia, "Mdogo wangu, lala chini ya gari uangalie, acha kukanyaga." Nikalala na tochi, yeye akakanyaga. Mpira wa mbele kulia, ambao ulikuwa mpya, niliununua miezi miwili kabla, ukawa unavimba katikati kila alipobonyeza na kunywea kila alipoachia, kama koo la chura anayelia ufukweni usiku wa mvua. Maji yote yaliyotakiwa kusukuma viatu yalikuwa yanatanua raba dhaifu. Niliweka mpira mwingine imara, na pedali ikapanda sentimita 4 siku hiyohiyo.

Kwa hiyo, hata mpira uwe mpya, ushike kwa mkono mwenzako akikanyaga. Ukiusikia unajaa kiganjani, uondoe. Na mpira unaweza kuharibika kinyume chake: ndani unavimba na kujiziba, maji yanakwenda lakini hayarudi. Gurudumu hilo litabaki limeshika na dramu itachemka.

7. Toa upepo, sasa ndiyo

Watu huanza hapa. Mimi naweka hatua ya saba kwa makusudi, kwa sababu kutoa upepo kwenye breki zenye nafasi kubwa ni kumwaga maji ya breki.

Kabla ya kuanza kwenye breki za dramu, kaza adjasta zote mpaka viatu vishike dramu. Hivyo pistoni za wili silinda hazitembei mbali mwenzako anapokanyaga. Kwa 109, ambayo ni ngumu kutoa upepo kuliko magari mengi, jambo hili linaleta tofauti kubwa. Ukimaliza, legeza kama hatua ya 4.

Anza na gurudumu lililo mbali zaidi na masta. Kwa gari letu la usukani wa kulia kwa kawaida ni nyuma kushoto, kisha nyuma kulia, mbele kushoto, mbele kulia. Safisha nipeli, vika mpira wa dripu, ncha ya pili izame kwenye maji ya breki ndani ya chupa. Fungua, mwenzako abonyeze taratibu, funga kabla hajaachia. Msemo wetu ni "bonyeza, funga, achia", na anayekanyaga ajibu kwa sauti. Endelea mpaka povu liishe. Kila mikanyago mitano, jaza chombo juu. Kikikauka mara moja, umeanza upya.

Weka kipande cha mbao chini ya pedali ili isiende hadi mwisho. Ndani ya masta ya zamani kuna sehemu ambayo pistoni haijawahi kufika, na hapo kutu imekaa. Ukisukuma raba hadi huko zinachanika, na masta iliyokuwa nzima asubuhi inapitisha jioni. Nadhani hivi ndivyo masta nyingi zinavyouawa.

Masta mpya itolewe upepo ikiwa mezani kabla ya kufungwa. Na kama ulifungua kalipa za mbele, hakikisha nipeli ziko juu. Zikibadilishana kushoto na kulia nipeli inakaa chini, hewa inabaki juu, na unaweza kutoa upepo mpaka mwezi uandame.

Maji yaliyotoka usiyarudishe. Maji ya breki hunyonya unyevu wa hewani. DOT 4 mpya haitakiwi kuchemka chini ya nyuzi joto 230; ikishanyonya maji, kiwango kinachokubalika kinashuka hadi 155. Ikichemka kwenye mteremko inakuwa mvuke, na mvuke unabonyea kama hewa. DOT 3 na DOT 4 zinaweza kukutana. DOT 5 ni ya silikoni, usiichanganye nazo. Yakimwagika kwenye rangi, mwagia maji mengi papo hapo.

8. Jaribu busta

Kwa wenye nayo tu. Injini imezimwa, kanyaga mara kadhaa mpaka pedali iwe ngumu, shikilia, washa injini. Pedali ishuke kidogo chini ya mguu. Isiposhuka, kagua mpira wa kuvuta hewa na valvu yake kabla ya kuilaumu busta. Kumbuka busta iliyokufa inafanya pedali kuwa ngumu. Haiifanyi kuwa ndefu.

9. Jaribio la barabarani

Tafuta uwanja mpana na tambarare, asubuhi na mapema. Anza na mwendo wa mtu anayetembea, kisha kilomita 20 kwa saa, kisha 40. Achia usukani kidogo unaposhika breki na uone gari linavutia wapi. Usiende mjini, na usijaribu kwenye mteremko, mpaka pedali imebaki palepale kwa mikanyago kumi mfululizo.

Ukirudi, sogeza kiganja karibu na kila dramu bila kugusa. Moja ikiwa na joto kuliko mwenzake wa upande wa pili, inabana. Ikiwa baridi, haifanyi kazi.

Bado inasumbua?

*Gari linavuta kushoto.* Upande wa kushoto ndio unaoshika. Chunguza kulia: pistoni iliyoganda, lainingi yenye mafuta, mpira ulioziba.

*Pedali inatetemeka mguuni.* Dramu si duara tena au diski imepinda. Peleka kwa fundi wa mashine ya kukereza, na dramu mbili za ekseli moja zichongwe sawa.

*Asubuhi iko juu, mchana iko chini.* Joto linapanua dramu, au maji yamechoka na kujaa unyevu. Badilisha maji yote kwanza, ni rahisi zaidi. Yakishindwa, pima upana wa dramu.

*Baada ya kuvuka maji haishiki kabisa.* Dramu zimejaa maji. Endesha polepole huku mguu wa kushoto ukigusa pedali kwa upole mita mia mbili hivi, joto litazikausha. Isiporudi, fungua, huenda tope limeingia.

*Nimefanya yote, inazama polepole nikishikilia.* Nje pakavu? Mipira yote ikibanwa bado inazama? Basi ndiyo, nunua masta silinda. Kabla hujalipa, ibonyeze dukani kwa kipande cha mbao au cha fimbo: pistoni iteleze laini na irudi yenyewe hadi mwisho. Chungulia matundu ya paipu kwa tochi. Kama ndani kuna kutu au mchanga, irudishe kwenye boksi lake na uombe nyingine.